Kabla kijana afunzwe kutengeneza geimu, aonyeshwe masharti ya injini

Mhariri,

Pole na kazi. Kila wiki lazima kuna kiongozi mahali anaambia vijana waache kulia ati hakuna kazi, waingie dijitali, watengeneze apu, watengeneze geimu, soko ni dunia nzima. Sipingi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, jioni nafunza kwa chumba tumekodisha huku Kondele, Kisumu, na wale vijana wanapita hapo wengine wana kipaji mpaka unajiuliza walikuwa wamefichwa wapi. Kuna mmoja ametengeneza ajua, ule mchezo wa kienyeji kama bao, ya kucheza kwa simu, ukishindwa inakutania kwa Kijaluo, wazee wakiiona wanacheka mpaka machozi. Lakini kuna kitu hao viongozi hawagusii na walimu wengi pia hawagusii, nayo ni kwamba geimu ya kijana haiwezi kuwa yake kabisa kama chombo alichoijengea kina masharti ambayo mwenye chombo anaweza kuyabadilisha siku yoyote akijisikia.

Wacha nieleze kwa wale hawako ndani ya hii mambo. Siku hizi karibu hakuna mtu anaandika geimu kuanzia sifuri. Kuna programu inaitwa injini, hiyo ndiyo inajua vile kitu kinaanguka, vile mwanga unapiga ukuta, vile ukigusa skrini mchezaji anaruka, halafu wewe unakuja na hadithi yako na picha zako na sauti zako na sheria za mchezo wako unaziweka juu yake. Ukimaliza, ile faili unapeleka Play Store iko na kazi yako ndani na pia iko na kipande cha injini ndani, na hicho kipande hakitoki, bila hicho geimu haiwaki. Sasa kila mtu akidaunlodi geimu yako anadaunlodi pia mali ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikupa ruhusa kupitia ukurasa mrefu wa Kiingereza cha mawakili, wewe ukabonyeza nakubali ndio uendelee na kazi juu bando ilikuwa inaisha.

Injini inayotumika sana kwa geimu za simu inaitwa Unity. Ilianzia Copenhagen huko Denmark mwaka wa 2004 na watu wadogo waliipenda kwa sababu unaanza bure, unalipa ukishaanza kupata pesa. Mafunzo mengi yenye utapata onlaini ni ya hiyo. Basi Septemba 12, 2023 hao watu wakatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2024 kutakuwa na ada mpya, na haikuwa ada ya kutumia programu, ilikuwa ada ya kila mara geimu yako inaingizwa kwa simu ama kompyuta ya mtu. Kwa mwenye leseni ya bure, geimu ikishapita dola 200,000 kwa miezi 12 na pia ikishapita installi 200,000 tangu itoke, kila installi mpya ungelipa senti 20 za dola kama mchezaji yuko nchi tajiri kama Marekani ama Uingereza, na kwingine chini ya hapo. Tena haikuwa geimu mpya peke yake. Hata ile ulitoa miaka iliyopita ukaisahau, ikifika hicho kiwango, installi za kuanzia hiyo Januari zingehesabiwa.

Fikiria fundi wa viti pale Kibuye, yule aliyemuuzia randa anarudi baada ya miaka mitatu anamwambia kuanzia mwezi wa kwanza kila mtu mpya akikalia kiti chako utanilipa, na viti uliuza zamani pia vimo.

Najua kuna wasomaji watasema mwalimu, wacha kelele, ni kijana gani wa Kisumu anapata dola 200,000 kwa mwaka, hiyo kwa bei ya dola ya wakati ule ilikuwa kama shilingi milioni 29. Ni kweli kabisa. Kwa hesabu ya pesa peke yake hiyo ada haingegusa karibu mtu yeyote tunayemjua. Lakini angalia vile geimu za simu huku kwetu zinaingiza pesa. Hazinunuliwi, zinatolewa bure, halafu mchezaji anaangalia matangazo, na tangazo la mtu wa huku linalipa vipande vya senti. Kwa hivyo unahitaji watu wengi sana ndio upate kidogo. Mtu wa Ulaya anauza geimu yake dola 20 kwa watu wachache na anaishi. Sisi biashara yetu ni ya umati. Ukiweka ada kwa kichwa cha mtu badala ya kwa pesa iliyoingia, yule anaumia zaidi ni mwenye wachezaji wengi maskini. Halafu fikiria simu zetu, memori inajaa kila saa, mtu anafuta geimu ndio apate nafasi ya video za harusi ya binamu yake, wiki ijayo anairudisha. Mwanzoni Unity walisema hata kurudisha kunahesabiwa, kelele ilipopanda wakageuza haraka wakasema hapana, ni ile mara ya kwanza tu. Waliulizwa pia watajuaje installi ni ya kweli na si mtu mwenye chuki ameweka roboti aingize na kufuta mara elfu ndio akumalize, jibu ni kama walikuwa wanalitafuta siku hiyo hiyo.

Na bado hiyo si ndiyo ilinikera zaidi. Kilichonikera ni historia.

Januari 2019 Unity walikuwa wamegombana na kampuni moja ya Uingereza inaitwa Improbable kuhusu masharti, watengenezaji geimu wakaogopa, wakauliza je na sisi tukibadilishiwa katikati ya kazi itakuwaje. Unity wenyewe wakaandika kifungu kizuri sana: ukiwa na toleo fulani la injini na masharti yabadilike baadaye yakakuumiza, unaweza kubaki na masharti ya zamani mradi ubaki na toleo lile la zamani. Wakaweka hata ukurasa wa wazi kwa GitHub, ule mtandao watengenezaji programu huweka kazi zao, ndio kila mtu aone kila neno likibadilishwa. Watu wakatulia, wakajenga biashara juu ya hiyo ahadi. Halafu kabla ya tangazo la 2023 kile kifungu kikawa hakipo tena kwa masharti, na ule ukurasa pia ukawa umeondolewa, na wengi walikuja kujua siku moto umewaka ndio wakaanza kutafuta nakala za zamani kwenye kumbukumbu za intaneti. Sasa wewe niambie, Mhariri, ahadi yenye inaweza kufutwa na yule aliyeitoa bila kukuita, hiyo uliandikiwa ya nini?

Kelele ilikuwa kubwa. Kundi la studio za geimu za simu likazima matangazo ya Unity ndani ya geimu zao, maana hapo ndipo kampuni hupata pesa nyingi. Wale wa Mega Crit waliotengeneza Slay the Spire wakasema wazi kama haitabadilishwa wanahama, na kweli walihama. Re-Logic waliotengeneza geimu ya Terraria wakatoa dola 100,000 kwa Godot na 100,000 nyingine kwa FNA, vyombo viwili vya wazi, yaani vya bure na kila mtu anaweza kuona na kubadilisha vile vimeandikwa, hata kama wao wenyewe Unity walikuwa hawaitumii sana. Siku kumi tu baada ya tangazo, Septemba 22, kampuni ikarudi na barua ya kuomba radhi, wenye leseni ya bure wakaondolewa kabisa kwa ada, geimu za zamani zikaachwa, na kwa wakubwa wakaweka kwamba wasizidishe asilimia 2.5 ya mapato. Na kile kifungu cha kubaki na masharti ya toleo lako kikarudi. Oktoba mkurugenzi John Riccitiello akaondoka. Septemba 12, 2024, mwaka mmoja kamili baada ya kutangazwa, mkurugenzi mpya Matthew Bromberg akaifuta hiyo ada yote, wakarudia njia ya zamani ya kulipa kwa mwaka, bei ya wanaolipa ikapanda na kiwango cha kutumia bure kikapandishwa mpaka dola 200,000.

Kwa hivyo mtu anaweza sema si iliisha vizuri. Iliisha vizuri kwa sababu waliolia ni wakubwa. Kuna studio zenye wachezaji mamilioni zilizima bomba la pesa na kampuni ikasikia. Kijana wa Manyatta ama wa Langa Langa kule Nakuru akizima yake nani atajua? Yeye hupata habari mwisho, kwa kikundi cha WhatsApp, akiwa ameshamaliza mwaka na nusu ndani ya mradi mmoja. Na kuhama si kitu cha wikendi. Picha zitahama, nyimbo zitahama, lakini ile kazi ya ubongo, vile kila kitu kinajibu kila kitu, sehemu kubwa unaandika upya. Ndio maana nasema haki ya mtengenezaji inaanza siku anachagua chombo. Ile ya kusajili hakimiliki inakuja baadaye sana.

Hii kitu hata si ya kompyuta peke yake. Mwaka huo huo wa 2023, mwezi wa kwanza, kulikuwa na vita ingine ya mchezo wa mezani, Dungeons & Dragons, yule wa kurusha dadu na kusimulia hadithi. Wenye mchezo ni Wizards of the Coast. Tangu 2000 walikuwa na leseni ya wazi ikiruhusu mtu yeyote aandike vitabu vya kuongezea mchezo na auze, na watu wakaanzisha kampuni nzima juu ya hiyo. Rasimu ya leseni mpya ikavuja, ikawa inataka kuua ile ya zamani na kudai asilimia 25 ya mapato ya wale wakubwa yanayopita dola 750,000. Wachezaji wakakasirika, wakaanza kukatisha malipo yao ya kila mwezi. Kabla Januari iishe kampuni ilirudi nyuma, ikaacha leseni ya zamani ilivyo na juu yake ikaweka sheria za msingi za mchezo chini ya Creative Commons. Hapo kwa Creative Commons ndipo nataka msomaji asimame kidogo, juu hiyo ni leseni hairudishwi. Ukishatoa umetoa. Bosi anaweza kubadilika, kampuni inaweza kuuzwa, bei ya hisa inaweza kuanguka, ile karatasi inabaki. Watu hawakutulia kwa kuambiwa samahani, walitulia walipopewa kitu ambacho mwenyewe hawezi kukuja kukichukua tena.

Na kwa injini za geimu kitu kama hicho kiko, na kiko bure, na hapa ndipo nashangaa vituo vyetu vya mafunzo. Kuna Godot. Ilianzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, wakaifungulia dunia mwaka wa 2014 kwa leseni ya MIT, ambayo ni fupi hata inaenea ukurasa mmoja: chukua, tumia, badilisha, uza, cha muhimu ni kuacha lile tangazo la hakimiliki ndani, na tusilaumiwe ikiharibika. Hakuna mrabaha. Toleo uliloshika leo ni lako na masharti yake hayo hayo, hata wenyewe wakigombana kesho wakafunga duka. Kwa picha za 3D kuna Blender, nayo historia yake ni tamu, kampuni iliyokuwa nayo ilianguka na mwaka wa 2002 Ton Roosendaal akaomba umma uchange euro 100,000 ndio wawekezaji waiachilie, zikapatikana kwa wiki saba tu, na tangu hapo haijawahi kuwa ya mtu mmoja kuifunga.

Tena kuna sababu ya mfukoni. Unity ukitaka kuianzisha pamoja na vitu vyake vya Android unadaunlodi gigabaiti kadhaa, na huku kwetu hiyo ni bando ya mtu ya wiki nzima kama si mwezi. Godot yenyewe haifiki MB 200, unaibeba kwa flashi, unapatia darasa lote, hakuna akaunti ya kufungua, hakuna ile kitu inataka kuingia onlaini kila saa kuangalia leseni yako kama stima imepotea na waifai imekwenda nayo. Laptopu za mitumba zenye RAM kidogo zinaibeba bila kuzima. Hata iko na toleo la simu ya Android, si raha sana kufanyia kazi kwa skrini ndogo lakini nimeona kijana asiye na laptopu akianza hapo na akifika mahali.

Sitaki kudanganya mtu, iko na shida zake. Ukitaka kupeleka geimu yako kwa PlayStation ama Nintendo itabidi utafute kampuni ya kukusaidia, maana vifaa vya kutengenezea huko ni vya siri na mradi wa wazi hauwezi kuviweka hadharani. Mafunzo ni machache kuliko ya Unity. Na studio za Nairobi zinazoajiri nyingi bado zinauliza unajua Unity ama Unreal, hiyo ni ukweli, na sitamwambia kijana aache kazi ya kulipa nyumba kwa sababu ya kanuni zangu. Unreal yenyewe, injini ya kampuni ya Epic, inachukua asilimia 5 geimu ikishapita dola milioni moja, ni masharti yanaeleweka, mtu akiyasoma akayakubali ni sawa. Ninachosema ni kijana aanze na kile hakuna mtu anaweza kumnyang'anya, ajue kutengeneza, halafu hizo zingine ajifunze akijua anaingia kwa nyumba ya mtu na kodi inaweza panda.

Ukiacha leseni ya injini, sasa kuna karatasi ya pili, mkataba wa kazi, na hii ni ya hapa nyumbani, na imeumiza watu ninaowajua kuliko Unity.

Kisumu ni mji wa mashirika. Kila shirika siku hizi linataka ujumbe wake uwe geimu: malaria, kunawa mikono, kupiga kura, afya ya vijana. Wanatafuta vijana wanajua, wanawapatia kazi, vijana wanafurahi juu pesa ya shirika inalipa vizuri kuliko matangazo. Kuna kikundi nakijua, wavulana wawili na msichana mmoja, walitengenezea shirika fulani mchezo wa maswali kuhusu malaria. Wakalipwa, sawa, hakuna aliyewaibia pesa. Baadaye wakaiona ile ile inatumika kaunti ingine, rangi zimebadilishwa, swali zimeongezwa, na pale mwisho palipokuwa na majina yao pana jina la shirika na la mfadhili peke yake. Msichana ndiye alichora kila mbu kwa mkono. Walipouliza wakaambiwa someni mkataba, na mkataba ulikuwa kurasa mbili zenye walisaini wakiwa wamesimama kwa korido.

Wengi hawajui Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasemaje, na mimi si wakili lakini hii nimeisoma. Programu ya kompyuta inalindwa kama vile kitabu kinalindwa, na haki inaanza kazi ikishatengenezwa, si lazima uwe umeisajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ingawa kusajili kunakusaidia siku ya kuthibitisha. Inakaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Mpaka hapo tamu. Lakini kifungu cha 31 kinasema kazi ikiwa umeagizwa na mtu, ama umeifanya ukiwa umeajiriwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza ama mwajiri wako, isipokuwa kama mmeandikiana vingine. Soma hapo tena. Mkataba ukinyamaza, wewe ndio umepoteza. Watu wengi hufikiri kinyume, wanadhani kama haijaandikwa basi inabaki ya aliyetengeneza. Hapana. Kwa hivyo kijana anayefanya kazi ya shirika anatakiwa adai iandikwe kabla hajaanza, kwamba ile injini ndogo yangu ya maswali ni yangu nitaitumia tena, nyinyi mna ruhusa ya hii geimu moja. Mashirika mengi hata hayatakataa, hayana haja na msimbo, yana haja na ripoti ya mfadhili. Ni vile tu hakuna mtu huwauliza.

Na majina ni habari ingine kabisa. Hata ukishauza hakimiliki yako, sheria hiyo hiyo kifungu cha 32 inakuachia haki ya kutambuliwa kama mtunzi. Kufuta jina la aliyechora ni kuvunja haki yake, sio tabia mbaya tu. Lile shirika kama linasoma hili gazeti linajijua, na kurudisha majina matatu kwa skrini ya mwisho ni kazi ya dakika chache.

Halafu duka nalo liko na masharti yake. Play Store ni dola 25 mara moja, hiyo watu hujichanga. Lakini kwa akaunti mpya za watu binafsi zilizofunguliwa kuanzia Novemba 2023 wakaweka kwamba kabla geimu itoke lazima iwe imejaribiwa na watu 20 kwa siku 14 mfululizo, baadaye Desemba 2024 wakapunguza hadi 12. Studio ya ghorofani hiyo haioni. Kijana wa huku anazunguka na simu yake akiomba binamu na wateja wa kinyozi waweke apu na wasiifute wiki mbili. Sitasema mengi hapo, nia yao ilikuwa kuzuia takataka na kwa kweli takataka ilikuwa nyingi.

Ninachotaka ni kidogo sana, Mhariri. Kituo chochote kinachofunza vijana kutengeneza geimu, hasa kile kinatumia pesa ya kaunti ama ya mfadhili, kiwe polytechnic, kiwe habu, kiwe chumba kama chetu, somo la kwanza kabla ya mtu kugusa kipanya liwe kusoma leseni ya kile chombo kwa sauti darasani, kwa Kiswahili, mwalimu akieleza: nani anaweza kubadilisha hii, akibadilisha mimi nabaki na nini, nikipata pesa anachukua ngapi, na kazi yangu nikiipakia kwa mtambo wake anaruhusiwa kuifanyia nini, kwa sababu sasa kuna hizi akili mnemba zinalishwa kazi za watu na hayo maneno yanafichwa huko huko kwa kurasa za katikati. Halafu kila mwanafunzi ahifadhi nakala ya masharti ya siku hiyo, PDF yenye tarehe, kwa folda ile ile ya mradi pamoja na faili ya kuinstoli lile toleo. Wakati wa vita ya Unity waliokuwa na nakala ndio walikuwa na mdomo wa kuongea.

Nimewahi kuambiwa na mwalimu mwenzangu kwamba hiyo itachosha wanafunzi, wao wanataka kuona gari likiruka siku ya kwanza. Basi gari liruke, dakika kumi, halafu tusome. Hao hao vijana wanajua masharti ya Fuliza na ya kila apu ya mkopo kuliko mimi, riba ya kila siku, siku ya kulipa, adhabu, wanakuambia bila kuangalia, juu pale iliwauma mfukoni. Hawashindwi kusoma. Hawajaambiwa tu kwamba hii pia ni deni linaweza kuwafuata.

Na kaunti zetu zikitoa tenda ya geimu ama apu ya elimu, waandike ndani ya tenda kwamba majina ya waliotengeneza yatabaki na kwamba chombo kilichotumika ni cha wazi, la sivyo mtengenezaji aeleze akibadilishiwa masharti atafanyaje. Pesa ya umma isijenge juu ya kitu kinaweza kufungwa na mtu ambaye hata hajui Kisumu iko wapi. Flash, ile programu ya kuchezesha geimu na katuni ndani ya kivinjari, ilikufa mwisho wa 2020, Adobe wakazima na Januari 12, 2021 hata zile zilizokuwa zimehifadhiwa kwa kompyuta za watu zikakataa kufunguka kwa programu yao, kuna masomo ya watoto yalikuwa yametengenezwa kwa hiyo sehemu nyingi za dunia na shule ziliamka zikapata skrini ya kijivu. Hakuna haja turudie.

Mwisho nina ombi kwa mawakili wa upande huu, wa Kisumu, Kakamega, Nakuru, popote. Hawa vijana hawana pesa ya kukulipa saa moja ofisini. Lakini kama uko na jioni moja, kuja uketi nao usome mkataba mmoja wa shirika mstari kwa mstari, wakuulize maswali yao ya kijinga na yale ambayo si ya kijinga. Andikia gazeti hili, watatuunganisha. Chai na mandazi ni juu yetu.

Mwalimu wa kompyuta,
Kisumu